Bahasha ya Kocha: Somo Kuhusu Rushwa Katika Michezo ya Vyuo vya Marekani

Katika toleo hili niliombwa niandike somo lenye faida kwa wanachama wetu. Mada sikuitafuta, ilinijia yenyewe kwa njia ya simu.

Usiku mmoja, saa nane za huku, mjomba wangu alinipigia kutoka Mwanza. Binamu yangu ana miaka 17, urefu wake futi sita na inchi saba, na anacheza mpira wa kikapu vizuri kuliko sisi wote tuliokulia pale mtaani. Kuna jamaa kamfuata, kajitambulisha kuwa ni wakala, anasema ana uhusiano na makocha wa vyuo vya Marekani. Masharti yake yalikuwa mawili. Kwanza, familia itoe dola 1,500 "za kufungua faili". Pili, mzazi atie saini karatasi inayompa yeye asilimia 20 ya chochote kijana atakachopata huko mbele. Akaongeza kwamba vyuo vikubwa vya Marekani vinatoa fedha za chini ya meza kwa vijana warefu, kwa hiyo hizo 1,500 zitarudi mara kumi.

Mjomba akaniuliza: "Mwanangu, wewe uko huko huko. Hebu niambie, haya mambo yapo kweli? Na ni halali?"

Nilikuwa sina jibu. Nimekaa Marekani miaka kadhaa, nimeshangilia mechi, nimevaa fulana ya chuo, lakini sikuwahi kujiuliza fedha za ile michezo zinapita wapi. Nikamwomba mjomba anipe wiki mbili. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza, na nimeyapanga kama somo ili na wewe ukipigiwa simu ya namna hiyo usigugumie kama mimi.

1. Msingi: mchezaji wa ridhaa ni nani?

Kwetu nyumbani mchezaji mkali huanza kwenye timu ya mtaa, akachukuliwa na klabu, na klabu haina uhusiano na masomo. Marekani ni tofauti. Hapa ngazi ya kwenda kwenye mpira wa kikapu wa kulipwa, na hasa kwenye mpira wa Kimarekani, imepita kwa muda mrefu ndani ya vyuo vikuu. Shirika kubwa linalosimamia michezo hiyo ni NCAA, lililoanzishwa mwaka 1906.

Kwa zaidi ya miaka mia moja nguzo ya NCAA ilikuwa moja: mchezaji wa chuo ni wa ridhaa. Anaweza kupewa skolashipu, yaani ada, chakula na malazi, lakini mshahara hapana. Zawadi hapana. Hata rafiki wa chuo akimnunulia suti ya harusi, ni kosa.

Aliyeijenga nguzo hiyo kuliko wengine ni Walter Byers, mkurugenzi mtendaji wa NCAA kuanzia 1951 hadi 1987. Wakati wake ndipo lilipotungwa jina la "mwanafunzi-mwanamichezo". Tunalisikia kila siku na tunadhani ni sifa nzuri tu, kumbe lina historia. Mwaka 1955 mchezaji mmoja wa chuo cha Fort Lewis, Colorado, aitwaye Ray Dennison, alifariki kwa jeraha la kichwa alilolipata uwanjani. Mjane wake alidai fidia kama anayolipwa mke wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ikamkatalia, kwa hoja kwamba chuo hakifanyi biashara ya mpira. Lile jina lilikuwa ngao katika kesi za aina hiyo: huyu ni mwanafunzi, si mfanyakazi, kwa hiyo hatudaiwi.

Ajabu ni kwamba Byers mwenyewe, baada ya kustaafu, aliandika kitabu mwaka 1995 akiushambulia mfumo alioujenga na kusema unawanyonya wachezaji. Mzee alijuta, lakini mashine ilikuwa imeshawaka.

Na mashine hiyo inakula fedha. Mwaka 2010 NCAA ilisaini mkataba wa televisheni wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, kwa ajili ya mashindano ya mpira wa kikapu ya mwezi Machi peke yake. Mwaka 2016 ukaongezwa miaka minane kwa dola bilioni 8.8, hadi 2032. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala daktari bingwa, ni kocha wa chuo.

Sasa tufikiri kidogo. Kijana mmoja mrefu anaweza kuiingizia timu mamilioni. Kocha akimpata analindwa kibarua chake. Kampuni ya viatu ikimpata mapema ina nafasi ya kumsainisha akiwa staa. Kila mtu anajua kijana huyu ana bei, ila kanuni zinasema bei hiyo isilipwe. Hapo kitatokea nini? Kitatokea kile kile tunachokijua wote: fedha haiondoki, inahamia chini ya meza.

2. Njia tatu za bahasha

Nimesoma kesi nyingi. Ukizichambua, bahasha hupita njia tatu kuu.

Njia ya kwanza ni matajiri mashabiki. Hawa ni watu waliosoma chuo fulani zamani, wamepata mafanikio, na hawataki kuona timu yao ikifungwa. Mfano unaofundishwa kila mahali ni Southern Methodist University ya Dallas, Texas. Miaka ya 1980 timu yao ya mpira wa Kimarekani ilikuwa moto wa kuotea mbali. Mwaka 1985 NCAA iliwaadhibu kwa kuwalipa wachezaji. Walipotoka kwenye adhabu wakasema wamejirekebisha? Hapana, waliendelea kulipa wakiwa bado ndani ya adhabu. Novemba 1986 kituo cha televisheni cha Dallas kilimhoji mchezaji wa zamani, David Stanley, ambaye alisema alipewa dola 25,000 ili asaini na chuo hicho. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wachezaji 13 walilipwa jumla ya dola zipatazo 61,000 kutoka mfuko wa siri uliojazwa na tajiri shabiki, kwa kiwango cha dola 50 hadi 725 kwa mwezi kila mmoja.

Februari 1987 NCAA ikatoa adhabu iliyobatizwa "hukumu ya kifo": msimu mzima wa 1987 ukafutwa. Chuo chenyewe kikaufuta na wa 1988. Halafu mwezi Machi 1987 likaja la kuchekesha na kuliza. Gavana wa Texas, Bill Clements, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo, alikiri kwamba yeye na wajumbe wengine walijua malipo yanaendelea na waliyaruhusu. Hoja yao ilikuwa kwamba vijana walishaahidiwa, na ahadi ni deni. Timu hiyo haikurudi kwenye mechi ya fainali za mwisho wa msimu mpaka mwaka 2009.

Mfano mwingine wa njia hii ni Michigan. Shabiki mmoja, Ed Martin, alikuwa anaendesha kamari haramu viwandani Detroit. Mwaka 2002 alikiri mahakamani kuhusu kutakatisha fedha hizo, na ikatajwa kwamba aliwakopesha wachezaji wanne wa chuo jumla ya dola 616,000. Chuo kilishusha bendera za heshima za 1992 na 1993 kutoka ukumbini. Angalia vizuri hapo: fedha ya kamari ilikuwa inatafuta mahali pa kujificha, na mchezaji mdogo akawa mtungi wake.

Njia ya pili ni kampuni za viatu. Kampuni hizi zina mikataba na vyuo, na vilevile zinadhamini timu za vijana wa sekondari wakati wa kiangazi. Kwa hiyo zinamjua kijana tangu ana miaka 14. Tarehe 26 Septemba 2017, wapelelezi wa FBI waliwakamata watu 10, wakiwemo makocha wasaidizi wanne wa vyuo vikubwa na ofisa mmoja wa Adidas, James Gatto. Shitaka moja lilihusu mpango wa kuilipa familia ya kijana Brian Bowen dola 100,000 ili achague chuo cha Louisville, ambacho kilikuwa na mkataba na kampuni hiyo. Oktoba 2018 Gatto na wenzake wawili walipatikana na hatia, na mwaka 2019 Gatto akahukumiwa miezi tisa jela, wenzake miezi sita kila mmoja.

Njia ya tatu ni mawakala na washauri wa fedha. Hawa hawajali kijana anacheza chuo gani. Wanamtaka akishaingia ligi ya kulipwa awe mteja wao, kwa hiyo wanawekeza mapema. Katika kesi ile ile ya 2017, Chuck Person, kocha msaidizi wa Auburn na mchezaji wa zamani wa NBA, alishitakiwa kwa kupokea dola 91,500 ili awaelekeze wachezaji wake kwa mshauri fulani wa fedha. Alikiri kosa. Huyu ndiye mtu ambaye mzazi alimkabidhi mwanae akisema, "Kocha, nakuachia kijana." Naye akamuuza kama mbuzi wa mnadani.

Kesi maarufu zaidi ya njia hii ni ya Reggie Bush wa University of Southern California. NCAA iliamua mwaka 2010 kwamba yeye na familia yake walipokea vitu kutoka kwa watu waliotaka kuwa mawakala wake, ikiwemo nyumba ambayo wazazi waliishi. Chuo kilipoteza skolashipu 30 na kikazuiwa kucheza fainali za mwisho wa msimu kwa miaka miwili. Bush alirudisha tuzo yake ya Heisman. Lakini kocha mkuu wa enzi hizo alikuwa ameshaondoka kwenda ligi ya kulipwa. Walioumia ni vijana waliokuja baadaye, ambao wakati yale yanatokea walikuwa bado sekondari.

3. Mlango wa pembeni

Mpaka hapa nimeeleza fedha inayokwenda kwa mchezaji. Lakini kuna rushwa inayokwenda kinyume, yaani inayotoka kwa mzazi tajiri kwenda kwa kocha, na kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote.

Tarehe 12 Machi 2019 waendesha mashitaka wa Boston walitangaza kesi dhidi ya watu 50. Kiongozi wa mtandao, Rick Singer, alikusanya dola zipatazo milioni 25 kutoka kwa wazazi kati ya 2011 na 2018. Kazi yake ilikuwa kuwaingiza watoto wa matajiri vyuoni kwa udanganyifu. Baadhi walifanyiwa hila kwenye mitihani. Wengine waliandikishwa kama wanamichezo ingawa mchezo wenyewe hawaujui. Picha zilitengenezwa, sura ya mtoto ikabandikwa kwenye mwili wa mchezaji halisi. Fedha ilipitia kwenye shirika lililosajiliwa kama la hisani, hivyo rushwa ikaonekana kwenye vitabu kama sadaka.

Kocha wa soka ya wanawake wa Yale, Rudy Meredith, alipokea dola 400,000 kwa ajili ya msichana mmoja ambaye familia yake ilitoa dola milioni 1.2 kwa jumla. Kocha wa tenisi wa Georgetown, Gordon Ernst, alipewa kifungo cha miaka miwili na nusu mwaka 2022. Singer mwenyewe alihukumiwa miezi 42 Januari 2023.

Kwa nini nasema hii ni mbaya zaidi? Kwa sababu nafasi za kocha ni chache na zimehesabiwa. Mtoto wa tajiri akiingia kwa picha ya kubandika, kuna mtoto mwingine, anayeamka alfajiri kufanya mazoezi, ambaye barua yake ya kukataliwa iliandikwa siku ile bahasha ilipopokelewa. Mtoto huyo hajui mpaka leo. Wala hakuna mahakama iliyomwita.

4. Nani aliibiwa?

Hapa ndipo somo linapokuwa gumu, na naomba tusilikimbie.

Kumlipa mchezaji, kwa yenyewe, hakukuwa jinai. Ilikuwa ni kuvunja kanuni za NCAA, kama vile kuvunja katiba ya chama. Ili kumfunga mtu jela, waendesha mashitaka walihitaji kuonyesha kwamba kuna aliyetapeliwa. Katika kesi ya Gatto walisema aliyetapeliwa ni chuo kikuu, kwa sababu kilitoa skolashipu kikiamini kijana ni wa ridhaa safi, kumbe familia yake ilishaahidiwa fedha. Baraza la wazee wa mahakama lilikubali.

Sasa weka kwenye mizani. Upande mmoja kuna chuo chenye mkataba na kampuni ya viatu wenye thamani ya mamilioni ya dola. Upande wa pili kuna Brian Bowen, ambaye hakucheza hata mechi moja ya chuo maishani mwake. Alilazimika kwenda kutafuta timu Australia. Sheria ikasema mwathirika ni chuo.

Sisemi kwamba waliotoa bahasha walikuwa watu wema. Walikuwa wanatafuta faida yao, na walidanganya. Ila nasema tutofautishe mambo matatu tunayoyachanganya tukisema "rushwa". La kwanza ni kuvunja kanuni. La pili ni jinai. La tatu ni dhuluma. Kijana wa kimaskini aliyechukua dola 200 ili mama yake asifukuzwe kwenye nyumba ya kupanga alivunja kanuni. Kocha aliyepokea mlungula ili amuuze mchezaji wake alifanya jinai. Na mfumo uliovuna mabilioni huku ukimwambia kijana kwamba kumlipa kutaharibu tabia yake, huo nao tuuite jina gani? Kila msomaji ajibu mwenyewe.

5. Kanuni zimegeuka

Jambo muhimu kwa wale wanaosikiliza hadithi za zamani: mambo mengi yaliyokuwa haramu sasa ni halali.

Tarehe 21 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa pamoja, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, kwamba haiwezi kuwawekea wachezaji ukomo wa manufaa yanayohusiana na masomo. Siku kumi baadaye, tarehe 1 Julai 2021, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na sura zao kwenye matangazo. Kisha tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu kubwa: wachezaji waliocheza tangu 2016 wagawiwe fidia ya takriban dola bilioni 2.8, na kuanzia Julai 2025 vyuo vinavyoshiriki viruhusiwe kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa ukomo wa dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Aprili 2024 hata Reggie Bush alirudishiwa tuzo yake.

Je, rushwa imekwisha? Sisi Watanzania tuna kumbukumbu ya neno "takrima". Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu mgombea kutoa takrima, ukarimu wa kawaida, na ikawa vigumu kujua pilau inaishia wapi na hongo inaanzia wapi, mpaka Mahakama Kuu ilipoitengua mwaka 2006. Swali la matangazo ya wachezaji linafanana na hilo. Tajiri shabiki akimlipa kijana mamia ya maelfu ya dola kwa tangazo moja la duka la magari, je, amenunua tangazo au amenunua mchezaji? Suluhu ya 2025 imeweka utaratibu wa kukagua mikataba ya aina hiyo ili kuona kama bei ni ya kweli. Kwa hiyo mchezo wa paka na panya unaendelea, ila sasa unachezwa mchana.

6. Na sisi je?

Watu wetu wako kwenye hadithi hii tangu zamani. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Suleiman Nyambui wetu alikimbilia University of Texas at El Paso na akawa bingwa wa vyuo. Makocha walishajua njia ya Bonde la Ufa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Na kanuni hazikuwa rafiki siku zote. Timu ya soka ya Howard University, iliyokuwa na wachezaji kutoka Afrika na visiwa vya Karibi, ilishinda ubingwa wa vyuo mwaka 1971, kisha ikanyang'anywa kwa madai ya kuvunja kanuni za sifa za wachezaji, mojawapo ikiwa kanuni iliyowabana wanafunzi wa kigeni. Howard walikwenda mahakamani, na kanuni hiyo ya wageni ikatamkwa kuwa kinyume cha katiba. Mwaka 1974 wakautwaa ubingwa tena, na safari hii hakuna aliyeugusa.

Leo hatari yetu kubwa iko kwenye karatasi. Kijana wa kigeni anahitaji fomu ya I-20 kutoka shuleni ili apate viza ya F-1. Mwenye uwezo wa kutoa fomu hiyo ana mamlaka makubwa, na palipo na mamlaka pana kishawishi. Mkuu wa shule moja binafsi mjini Charlotte, North Carolina, alikiri kwamba alipokea fedha ili kuwaandikisha wanamichezo wa kigeni wapatao 75 ambao hawakuwa wanasoma shuleni kwake. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo. Lakini fikiria wale vijana: wako nchi ya watu, karatasi zao ni za uongo, na aliyewaleta hapokei simu.

Halafu kuna hili la matangazo. Mwenzako Mmarekani akilipwa kwa kuvaa kofia ya mgahawa, ni mchongo wake halali. Wewe wa F-1 huruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, na ndani ya chuo mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Tangazo linaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Yeye akikosea anakosa mechi mbili. Wewe ukikosea unapanda ndege.

7. Nilichomjibu mjomba

Baada ya wiki mbili nilimpigia. Nikamwambia: Mjomba, ndiyo, mambo hayo yapo. Yamekuwepo miaka mingi, na watu wamefungwa. Lakini angalia ni nani alipata nini. Aliyeahidiwa dola 100,000 hakucheza hata dakika moja. Na huyo jamaa yako anaomba fedha kwanza. Wale wezi wakubwa wa huku walikuwa wanaleta bahasha kwa mzazi. Huyu anataka bahasha itoke kwako.

Kisha nikampa mambo matano, nawe yaandike:

Moja, skolashipu ya kweli hutolewa na chuo, kwa barua ya chuo, yenye jina la ofisi unayoweza kuipigia mwenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa wakala.

Mbili, kijana hujiandikisha NCAA yeye mwenyewe. Ada ipo, lakini hulipwa kwao moja kwa moja. Hakuna "kufungua faili" kwa mtu wa kati.

Tatu, vyuo vya daraja la tatu la NCAA havitoi skolashipu za michezo, na vile vya kundi la Ivy, kama Yale, navyo havitoi. Vinatoa msaada kwa kuangalia hali ya familia. Mtu akikuahidi skolashipu ya kikapu huko, mwage.

Nne, kwa kanuni za muda mrefu za NCAA, anayelipwa kwa sharti la kukupatia nafasi chuoni anahesabiwa wakala, na anaweza kukuharibia sifa ya kucheza. Ile asilimia 20 ingemfunga kijana kabla hajafunga goli lake la kwanza.

Tano, ukishafika, usisaini mkataba wowote wa matangazo kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Mjomba alikaa kimya kidogo. Akasema, "Sasa mwanangu, mimi nilishampa laki tano za utangulizi." Nikamwambia hiyo ndiyo ada ya shule, ahesabu imepotea, ila karatasi asisaini. Hakusaini. Binamu yangu sasa anarudia mtihani wake wa Kiingereza, na tunawaandikia makocha wenyewe, mmoja mmoja, pamoja na video aliyorekodiwa kwa simu na mwalimu wake wa michezo. Wawili wamejibu. Mmoja amesema hapana, mwingine ameomba matokeo ya shule.

Ameomba matokeo ya shule. Nilipomweleza mjomba hilo alicheka, akasema huyo ndiye kocha.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano wetu

1. Kijana aliyepokea fedha kwa sababu ya njaa, na kocha aliyepokea kwa sababu ya tamaa, je, wastahili adhabu moja?

2. Chuo kikiadhibiwa miaka mitano baada ya kosa, wanaoumia ni wanafunzi wasiohusika. Ungeweka adhabu gani badala yake?

3. Je, wewe mwenyewe umewahi kumsaidia mtu nyumbani kwa barua au karatasi ambayo moyoni ulijua si ya kweli? Ulijitetea vipi?

Hilo la tatu msijibu kwa sauti. Nendeni nalo nyumbani.

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda. Masomo mema.